Balansi au ya kawaida? Hesabu pete za pini kabla hujachomeka

Umepata amplifaya ya hedifoni, unaangalia mbele unakuta matundu mawili, moja la kawaida la 6.35 mm na lingine la balansi, la 4.4 mm au lile kubwa la duara linaloitwa XLR lenye pini nne, sasa uchomeke wapi? Kifupi, hedifoni inapoingia bila adapta ndo mahali pake. Ukianza mambo ya adapta kuna njia moja salama na moja inayounguza mashine, ntaifikia.

Tofauti yenyewe iko kwenye waya. Singo-endi, yaani hii ya kawaida tuliyoizoea, ina njia tatu: kushoto, kulia, na waya mmoja wa kurudi ambao pande zote mbili zinachangia. Balansi kila upande una wa kwake wa kwenda na wa kwake wa kurudi, jumla nne, na kwenye amplifaya ya balansi ya kweli huo wa kurudi nao unasukumwa na amplifaya yake, ila kinyume, huku ikipanda huku inashuka, ndo maana spika ya ndani ya hedifoni inapata volti mara mbili.

Kwahiyo kitu cha kwanza hesabu pete nyeusi kwenye pini ya waya, ile unayochomeka. Mbili ni ya kawaida. Pini nyembamba ya 2.5 mm yenye pete tatu mara nyingi ni balansi, ya 4.4 mm ina pete nne. Usichanganye na 3.5 mm ya simu yenye pete tatu, ile kwa kawaida ni maiki imeongezwa, haina uhusiano na balansi.

Alafu angalia hedifoni yenyewe. Kama waya unaingia pande zote mbili na unachomoka, mfano Sennheiser HD 600 na HD 650, umemaliza, unanunua waya mwingine tu. Kama unaingia upande mmoja hesabu njia zake, AKG K702 tundu lake lina pini tatu tu so hata ukinunua waya wa bei gani haiwi balansi mpaka mtu aifungue na kuchomelea upya.

Sasa adapta, hapa tulia. Hedifoni ya balansi kwenda kwenye amplifaya ya kawaida, sawa kabisa, adapta inaunganisha zile nyaya mbili za kurudi na maisha yanaendelea. Kinyume chake USIFANYE. Hedifoni ya kawaida ukiichomeka kwenye tundu la balansi kwa adapta, ule waya wa kurudi wa pamoja unagusanisha amplifaya mbili ambazo kila moja inasukuma kivyake, yaani umepiga shoti kwenye njia ya kutolea sauti, zingine zina ulinzi zinajizima, zingine zinaungua. Na hizo adapta zinauzwa, kwahiyo kuiona dukani sio ushahidi kwamba ni salama.

Je inafaa kuhangaika? Mi naona inategemea hedifoni. Chukua ya omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), tundu la kawaida likitoa volti 2 inapata kama miliwati 13, la balansi likitoa volti 4 inapata 53, mara nne, hiyo ni desibeli 6 za ziada (kipimo cha ukubwa wa sauti) na kwa muziki uliorekodiwa chini utaziskia. Lakini iafoni za ndani ya sikio za omu 16 hizo volti 2 ni miliwati 250 tayari, hamna sikio linahitaji hivyo, unachopata kwenye balansi mara nyingi ni ile ssss ya nyuma kuskika zaidi. Na hadithi ya balansi kuzuia makelele ni ya nyaya ndefu za maiki studio, kwa waya wa hedifoni wa mita mbili hilo tatizo karibu halipo.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe lazima usawazishe sauti kwanza, maana tundu la balansi linapiga juu zaidi kwa volyumu ileile na masikio yetu kitu chenye sauti kubwa yanakiita kizuri, watu wengi wanaosema balansi ina besi tamu walisikia volyumu tu. Cheza toni ya 60 Hz, mita ya umeme (multimita) weka kwenye volti za AC, kwenye tundu la kawaida pima kati ya ncha na shina la pini (ile sehemu ya nyuma baada ya pete ya mwisho), kwenye XLR pima kati ya pini 1 na 2 ambazo ni za kushoto, taratibu ncha za mita zisigusane, alafu shusha volyumu ya balansi mpaka namba zilingane. Baada ya hapo ndo uweke nyimbo unazozijua, na ikiwezekana mtu mwingine ndo awe anahamisha waya bila kukwambia iko wapi.