Kumzoesha mtoto wa nyoka chakula kipya: anza na harufu

Mwezi wa Julai, kusi limeshika, mfugaji mmoja wa upande wa Msabaha, nje kidogo ya Malindi, aliniita nikamwangalizie nyoka wake. Jike lake la nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia asiye na sumu, lilikuwa limetaga mayai 11 na yote yakaanguliwa salama. Kila jioni alikuwa akiwawekea watoto kipanya kichanga, na kila asubuhi alikikuta pale pale, kimeanza kunuka. Akaingiwa na hofu, akaanza kuwashindilia kwa nguvu. Nilipofika, wawili walikuwa wamekwisha kufa.

"Hawa wamezaliwa na ugonjwa, bwana," akaniambia.

Hawakuwa na ugonjwa wowote. Hawakujua tu kwamba kile kilichowekwa mbele yao ni chakula.

Nyoka haonji kwa mdomo. Ule ulimi wa panda anaoutoa na kuurudisha huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, na hapo ndipo anapoamua kama kitu kinalika. Mtoto wa nyoka wa nyumbani akiwa porini huanza maisha kwa kula mijusi, hasa mjusi kafiri tunayemwona ukutani karibu na taa. Panya huja baadaye, mwili ukishapanuka. Kwa hiyo kipanya kichanga, hata kiwe laini namna gani, kwake hakinuki chakula.

Jambo hili limechunguzwa sana kwa nyoka wengine, wale wadogo wenye milia wa Marekani Kaskazini wa jenasi Thamnophis. Hao hawatagi, huzaa watoto hai, na watoto wale hupenda minyoo ya ardhini na samaki. Miaka ya 1960 mtafiti Gordon Burghardt aliwapa watoto ambao hawajawahi kula chochote pamba iliyochovywa maji ya minyoo, nao wakairukia pamba kama windo. Baadaye mtafiti mwingine, Stevan Arnold, akalinganisha watoto wa Thamnophis elegans wa California. Wale wenye asili ya pwani yenye unyevu, kwenye koa wengi, walikula koa. Wengi wenye asili ya bara walikataa. Nasisitiza hili kwa sababu mfugaji akilielewa huacha kugombana na nyoka wake. Uchaguzi ule mtoto amezaliwa nao. Kazi yako si kumvunja, ni kumvusha taratibu.

Kwanza mpe utulivu. Usimpe chakula chochote mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya kuanguliwa. Kabla ya hapo bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni. Kila mmoja awe na kikasha chake chenye kifuniko kinachobana, maji safi na mahali pa kujificha. Wawili wakikaa pamoja na kuuma windo moja kila mmoja upande wake, mmoja anaweza kummeza mwenzake. Joto liwe kati ya nyuzi 26 na 30. Kaskazi hapa kwetu halikupi shida, lakini usiku wa kusi chumba hupoa, na nyoka aliyepoa hasagi chakula tumboni. Kule Msabaha vikasha vilikuwa juu ya sakafu ya saruji chini ya dirisha. Tulivihamishia rafu ya juu, ukuta wa jikoni, kabla ya kugusa habari ya chakula.

Sasa harufu. Tafuta mjusi kafiri mmoja, umgandishe kwenye friza siku kadhaa ili kupunguza vimelea. Huyo mmoja atakutosha kwa milo mingi, maana humlishi, unamtumia kupaka. Chukua kipanya kichanga kilichokufa, kisicho na manyoya, ukioshe kwa maji bila sabuni hadi harufu yake ipungue, ukikaushe, kisha ukisugue kwa ngozi ya mjusi, hasa kichwani. Kipashe moto ndani ya maji ya vuguvugu kikiwa kwenye mfuko. Kisiwe kinene kuliko sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Kiweke jioni mlangoni mwa maficho yake, zima taa, uondoke. Kuchungulia kila dakika kumi ndiko kunakoharibu.

Akila mara tatu mfululizo, punguza kupaka: kichwa tu, halafu puani tu, halafu kipanya kitupu. Akikataa, rudi hatua moja nyuma, usirudi mwanzo. Asipokula, ngoja siku tano hadi saba kabla ya kujaribu tena, na akila usimshike kwa siku mbili. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtoto anayekataa chakula huku uzito umesimama, mvumilie. Anayekonda hadi uti wa mgongo ukachomoza, mwite daktari wa mifugo. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya mkono uliozoea, na kwa mtoto mwembamba kama penseli, kosa dogo linachana koo.

Panya wa kulisha wazalishe mwenyewe. Panya wa kuokota nyumbani au ghalani huenda amekula sumu, na sumu hiyo itaishia kwa nyoka.

Wenye ukukwi wa kijani, yule wa majini anayependa vyura na samaki, hali yenu inakaribia ile ya nyoka wa Marekani. Samaki ni daraja zuri kwao, ila msifanye samaki wabichi kuwa chakula pekee. Baadhi ya samaki, wakiwemo wa jamii ya dagaa wa bahari, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na nyoka anayelishwa hao tu huishia kutetemeka na kupinda shingo. Kugandisha hakukiui kimeng'enya hicho. Moto ndio hukiua. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi wasikaribie kikasha kabisa. Na kama mnataka kujaribu minyoo, msichukue ile myekundu ya kutengenezea mboji. Hutoa majimaji ya manjano yenye harufu kali, na nyoka wengi huitapika.

Hakuna aliye huru kufuga nyoka wa porini bila kibali. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inataka kibali kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwa hiyo kamilisha hilo kwanza. Pia usiokote kila kinyoka cheusi au cha kahawia ukidhani ni wa nyumbani. Wa nyumbani ana mistari miwili iliyopauka kila upande wa kichwa, ukiwemo unaopita machoni. Kuna mwingine mdogo mweusi anayeishi ardhini, Atractaspis, anayeweza kukuchoma kwa jino la pembeni hata ukimshika nyuma ya kichwa, na sumu yake haina dawa ya kuipinga. Una shaka, usiguse. Hapo Watamu kipo kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na nyoka na watu walioumwa, waulize wao.

Wale tisa wa Msabaha? Jioni ya kwanza ya kipanya kilichopakwa, wanne walikula. Wiki ya pili wakawa saba. Wa nane alikubali pale tu tulipomfungia mkia wa mjusi kwenye pua ya kipanya kwa uzi, akavimeza vyote pamoja. Wa tisa tulimpa mjusi mzima mara mbili, apate nguvu kwanza, kisha tukaanza naye upya. Ilipofika mwisho wa Septemba naye alikuwa anakula kipanya kitupu, na yule mfugaji alikuwa ameandika kila mlo, tarehe na gramu, kwenye daftari la mwanawe la shule.