Kabla hujashona mdoli wa kitenge
Mnaoshona wadoli hapa Mwanza, vile vipande vya vitenge tunavyookoteza kwa mafundi wa Makoroboi visiende moja kwa moja kwenye cherehani. Lowanisha kitambaa cheupe, sugua nacho kipande mara kumi hivi. Kipande kikichuja rangi, kifue mpaka maji yatoke meupe, maana mtoto ataanza kumnyonya mdoli mkono siku hiyohiyo. Mimi nilirudishiwa mdoli mwekundu aliyeharibu shuka la mteja. Shuka nikalilipa, mdoli nikabaki naye. Macho tarizi kwa uzi. Kifungo kinapendeza, sikatai, ila kikichomoka kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kinaweza kumkaba kooni. Vipande visivyokoma kuchuja nashonea samaki, sato wa kuning'iniza ukutani.