Jinsi ya kutumia kalenda ya hedhi kujua kama unaelekea ukomo wa hedhi

Kabla ya kukimbilia maabara, shika kalenda. Andika tarehe kila hedhi inapoanza, siku ilizodumu, na pedi ngapi zimelowa kabisa kwa siku. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi hadi siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Kama unatumia vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, kalenda hii haitakufaa, kwa sababu dawa ndiyo inayoamua damu itoke lini.

Mpito wa kuelekea ukomo wa hedhi umeanza pale mizunguko miwili inayofuatana inapopishana kwa siku 7 au zaidi, mathalani 25 kisha 34, na jambo hilo likajirudia ndani ya mizunguko 10. Likitokea mara moja tu, usilitilie maanani. Hata ugonjwa au msongo wa mawazo huvuruga mzunguko. Ukifikisha siku 60 bila hedhi, pima mimba kwanza. Kama hakuna, umeingia hatua ya mwisho ya mpito huo, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka 1 hadi 3. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma miezi 12 ikishapita bila damu, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55.

Kipimo cha homoni ya FSH huwachanganya wengi. Mayai yakipungua, ubongo huongeza FSH ili kuzihimiza ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai. Mwezi ovari zikiitikia, kiwango hushuka tena. Kwa hiyo jibu la leo laweza kupingana na la mwezi ujao. Aliyevuka miaka 45 kwa kawaida hakihitaji. Aliye chini ya 40 na hedhi imepotea asisubiri: apimwe.

Damu nyingi nayo ina sababu yake. Yai lisipopevuka, homoni ya projesteroni hukosekana, homoni ya estrojeni huendelea kunenepesha utando wa mfuko wa uzazi, kisha utando huo mnene huporomoka na kutoa damu nyingi. Pedi ikilowa kila saa kwa saa mbili mfululizo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimba bado inawezekana. Endelea na kinga mwaka 1 baada ya hedhi ya mwisho kama umevuka miaka 50, miaka 2 kama hujafika. Na damu yoyote baada ya ile miezi 12, hata tone, ichunguzwe haraka. Isidhaniwe kuwa hedhi imerudi, maana saratani ya mfuko wa uzazi huweza kuanza hivyo.