Kesi ya mauaji Kenya: jinsi ya kupatana na upande wa mashtaka hadi shtaka lishuke

Tuseme ndugu yako yuko rimandi, ameshtakiwa kuua kwa kukusudia, na mnajua ukweli ni walilewa wakapigana mtu akafa. Kuna njia ya kisheria, iko tangu 2008, anakubali kuua bila kukusudia na lile shtaka kubwa linaondolewa.

Kwanza wakili. Kesi ya mauaji iko Mahakama Kuu na kama hamna pesa serikali humpa wakili, basi mwambieni aandikie ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) mapema kabla mashahidi hawajaanza kuitwa. Usimwendee jaji, jaji haruhusiwi kuingia kwenye mazungumzo. Na yule kiongozi wa mashtaka mnayemuona kortini hawezi tu kuamka asubuhi akakubali, lazima awe na idhini ya DPP kwa maandishi, ndio maana mambo huchelewa, tulieni. Huyo kiongozi wa mashtaka ataongea pia na afisa aliyechunguza na familia ya marehemu. Hapo ndio mkiwa mlishakaa na wazee mkaomba msamaha inasaidia, lakini mbuzi peke yake haimalizi kesi ya mauaji, asikudanganye mtu.

Sasa karatasi yenyewe ya mapatano. Watu hukimbilia kuangalia shtaka limeshuka, wanafurahi, wanasaini. Soma ile sehemu ya maelezo ya kilichotokea! Kama imeandikwa "alimfuata marehemu hadi kwake akiwa na panga" na ukweli ni walikuwa wanang'ang'ania panga kwa baa, hayo maneno ndiyo jaji atasoma akipima miaka. Kuua bila kukusudia adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, kwa hivyo sentensi moja hapo ni kitu kubwa. Kama haelewi lugha iliyotumika, asomewe kwa lugha yake kabla ya kuweka sahihi.

Siku ya korti ndugu yako atalishwa kiapo, jaji amuulize kama amelazimishwa ama ameahidiwa kitu, na kama anajua anaacha haki ya kesi kusikizwa. Ajibu mwenyewe, asiwe anamuangalia wakili kila swali. Jaji akikataa mapatano anatoa sababu na yanakufa hapo, aliyokiri hayatumiwi dhidi yake kesi ikianza upya. Ndugu yako akigeuza nia kabla jaji hajayakubali mapatano pia anaweza kujitoa.

Miaka ni ya jaji, DPP hawezi kuwauzia "mbili na nusu" hata mkinyenyekea vipi. Afisa wa probesheni atakuja mtaani kuuliza majirani na chifu, familia ya marehemu nayo itasikizwa. Wakili akumbushe muda wa rimandi uhesabiwe, hiyo ni haki yake. Baada ya hapo rufaa ni ya adhabu tu, hawezi kurudi kusema hakufanya.

Kesi za ubakaji na unajisi hazimo kabisa kwa hii mpango.