Jinsi ya kujiandaa kwa mafunzo ya vitendo ya kilimo Dar es Salaam

Mwanafunzi wa kilimo anayetoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, asidhani kwamba Dar es Salaam haina shamba la kumfundisha. Kituo cha Mikocheni cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, hutafiti minazi na bayoteknolojia, na bustani za mboga ziko hata mabondeni katikati ya jiji.

Peleka barua ya utambulisho ya chuo mapema, wewe mwenyewe, ukiambatanisha maelezo mafupi ya kazi unayotaka kujifunza, kwa sababu ombi linalosema tu "naomba nafasi" humwachia mwenyeji kazi ya kukufikiria. Ulizia pia nauli na chakula kabla ya kukubali.

Ukishapokelewa, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni daftari la kazi. Liandike jioni ileile, si Ijumaa kwa kukumbuka. Badala ya "tulimwagilia mchicha", andika tuta lilikuwa na urefu gani, mlitumia ndoo ngapi, udongo ulikuwaje ulipoukamata mkononi, na kwa nini mkulima aliacha kumwagilia siku mbili kabla ya kuvuna. Mkulima huyo, hata kama hakusoma, mwamkie kwa heshima na umuulize sababu kabla ya kumrekebisha. Nimeona wanafunzi wakinyimwa maarifa mazuri kwa kukosa shikamoo.

Msimamizi wako asaini daftari kila wiki, usingoje siku ya kuondoka, kwani huenda siku hiyo akawa safarini.