Somo: Kujua beji ya chama cha Nazi ni orijino au feki, anza nyuma

Wakuu salama? Wengi mmekuwa mnaniuliza hili jambo la beji za Wajerumani wa enzi za Hitler, nikasema leo niandike lote mara moja nipumzike. Kwanza tuelewane, mimi nakusanya kama mtu anavyokusanya noti za zamani, sivai na situndiki ukutani, hiki kidude kilikaa kifuani mwa watu walioua mamilioni, kwa hiyo kama umekuja na ushabiki wa hao jamaa pita kimya kimya.

Naishi Ujerumani mwaka wa tisa sasa, Jumapili kazi yangu ni kuzunguka magulio ya vitu vya kale, na beji yangu ya kwanza nilipigwa. Jamaa akaniambia ni ya marehemu babu yake, machozi yanamlengalenga kabisa, nikatoa hela bila hata kuigeuza. Nafika nyumbani naigeuza nakuta lehemu imemwagika kama uji na pini ni zile za beji za sherehe za shule. Tangu siku hiyo naangalia nyuma kwanza mbele baadaye, na hadithi ya muuzaji siilipii hata senti.

Tunayoiongelea hapa ni beji ya kawaida ya uanachama wa NSDAP, yaani chama cha Nazi, kiduara cha kama milimita 23, katikati nyeupe yenye swastika nyeusi, pembeni pete nyekundu yenye jina la chama. Mpaka 1945 chama kilikuwa na wanachama kama milioni 8.5, sasa piga hesabu beji zilikuwa ngapi, halafu vita ikaisha kila mtu hataki kukutwa nayo, zikatupwa mitoni, zikafukiwa bustanini, mpaka leo watu wenye mashine za kutafutia vyuma wanazichimbua.

HATUA YA 1: vifaa. Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, sumaku, sindano, na ile taa ya bluu ya kukagulia noti. Basi.

HATUA YA 2: geuza. Hapa ndipo penyewe. Chama kilikuwa na ofisi yake Munich inaitwa Reichszeugmeisterei, kwa kifupi RZM, ndiyo ilikuwa inatoa leseni kwa viwanda vya sare na beji. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 utakuta nyuma alama ya RZM na namba ya kiwanda inayoanza na M1, mfano M1/52 ni Deschler wa Munich, M1/17 ni Assmann wa Lüdenscheid. Za kabla ya hapo nyingi zimeandikwa Ges. Gesch., maana yake imelindwa kisheria. Sasa usifurahi haraka, wa feki nao wanasoma, wanapiga RZM hiyo hiyo na namba ya kweli kabisa, kwa hiyo namba peke yake haitoshi, tafuta picha ya beji nyingine ya kiwanda hicho hicho ambayo haina ubishi ulinganishe moja moja, umbo la herufi, nafasi kati ya mistari, bawaba ya pini imekaa wapi, maana kila kiwanda kilikuwa na chapa zake za chuma na chapa haibadiliki kila asubuhi. Lehemu iwe safi na kidogo.

HATUA YA 3: enameli. Orijino nyingi rangi yake ni unga wa kioo uliochomwa kwenye tanuru, ni ile ile ya vikombe vya bati vya bibi zetu, unakumbuka kikianguka kinabanduka kipande chenye ncha kali? Basi beji orijino ikipata jeraha inavunjika hivyo, kama kioo. Feki nyingi wanajaza rangi ya gundi, kitu kama araldaiti, ukipitisha ncha ya sindano taratibu pembeni inaacha mchirizi, na ikipigwa inabonyea au inabanduka kama rangi ya kucha. Kuna wanaochoma na sindano ya moto wanuse kama inanuka plastiki, inafanya kazi ila usifanye kwenye beji ambayo hujalipia, utapigwa. Kwenye taa ya bluu gundi nyingi za kisasa zinang'aa, lakini zipo zisizong'aa, kwa hiyo taa isikupe jibu la mwisho.

HATUA YA 4: chuma. Nyingi zilitengenezwa kwa shaba au zinki, sumaku haishiki hivyo vyote, pini tu inaweza kushikwa. Mwili mzima ukirukia sumaku, mrudishie mwenyewe. Halafu lenzi: orijino iligongwa kwa mashine, kuta za herufi zimesimama wima. Feki ya kumimina kwenye kalibu ina vitundu vidogo vidogo kama chapati na herufi zimevimba.

HATUA YA 5: uzee. Beji iliyovaliwa inachakaa pale inaposuguana na nguo, yaani nyuma na kwenye kingo. Ukiona weusi umekaa sawasawa kila kona, hiyo imelowekwa kwenye dawa.

HATUA YA 6: sheria, msiruke hii. Hapa Ujerumani kuwa nayo kabatini si kosa, kosa ni kuionyesha hadharani au kuisambaza, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, mpaka miaka 3 jela au faini, isipokuwa kwa mambo ya elimu, utafiti, sanaa na historia. Ndiyo maana gulioni wanabandika stika juu ya swastika. Austria ni wakali zaidi, na Australia biashara yake imepigwa marufuku tangu Januari 2024.

MASWALI

Swali: Mkuu niko Tanga, kuna mzee anauza beji ya swastika anasema ilichimbwa kwenye boma la Mjerumani pamoja na rupia, ya mwaka 1905. Nichukue?

Jibu: Kaka, Mjerumani wa boma na wa swastika ni wawili tofauti. Chama kilianza 1919, jina la NSDAP likaja 1920, wakati huo Tanganyika iko kwa Mwingereza. Ila ingeweza kuwa ya miaka ya 1930, walowezi wa Kijerumani walirudi na chama kilikuwa na matawi huko mpaka walipowekwa kizuizini 1939. Kwa hiyo beji inawezekana, hadithi haiwezekani. Hizo habari za mali ya Mjerumani zimefilisi wangapi jamani.

Swali: Boss mimi ni wa Nakuru, nimeona ya dhahabu namba 412,000 kwa nyuma, seller anataka pesa mob. Ni legit?

Jibu: Kimbia. Beji ya dhahabu ilianzishwa 1933 kwa wanachama wa tangu 1925 wasiokatiza, wenye namba chini ya 100,000. Waliopewa kwa heshima, za kwao kwa kawaida zina A.H. (yaani Adolf Hitler) na tarehe. Na ukikuta namba nzuri bado kazi ipo, kadi za wanachama zilipelekwa 1945 kwenye kiwanda cha karatasi karibu na Munich zisagwe zikanusurika, leo ziko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa, Berlin, unaweza kuomba ukaguzi. Ya kawaida haina namba ya mtu, anayekwambia ameitafuta akampata mwenyewe anakudanganya.

Swali: Naweza kuuza eBay?

Jibu: Hapana, walizuia tangu 2001.

Swali: Kaka mimi hela yangu ndogo, nianzie wapi?

Jibu: Dada anza na vibeji vya Winterhilfswerk, mchango wa majira ya baridi, viliuzwa mitaani kwa pfenigi 20 hivi, vya kauri, kioo, mbao, hata plastiki. Ni rahisi mpaka wa feki hawaoni faida, na vingi havina swastika.

Swali: Yangu imepauka, nipige Brasso?

Jibu: Ukipiga Brasso usiniletee niikague. Kitambaa kikavu tu, irudishe kwenye bahasha.