Namna ya Kuchunguza Madai Kuhusu Mafumbo ya Mesopotamia

Kila baada ya muda huzuka katika simu zetu picha ya jiwe dogo lililochongwa watu na nyota, ikiambatana na maelezo kwamba Wasumeri, watu wa kale wa Mesopotamia, yaani sehemu kubwa ya Iraq ya leo, walizijua sayari ambazo wanaastronomia wa leo hawajaziona, au kwamba elimu yao waliletewa na viumbe walioshuka kutoka angani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kujua afanye nini na picha ya namna hiyo kabla hajaiamini, hajaipuuza, wala hajaituma kwa wengine. Si lazima ajue Kisumeri wala Kiakadi, lugha za kale za huko. Anachohitaji ni intaneti, subira, na mazoea ya kuanza na kitu chenyewe badala ya kisa kinachosimuliwa juu yake, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zimesimama juu ya mazoea hayo.

Tafuta kwanza nambari ya kitu hicho. Majumba ya makumbusho huandikisha kila kinachoingia, na herufi zinazotangulia nambari hueleza kilipo au kilikotoka: BM ni British Museum ya London, VA ni hazina ya Mashariki ya Karibu iliyoko Berlin, IM ni Jumba la Makumbusho la Iraq mjini Baghdad, na K ni Kuyunjik, kile kilima cha Ninawi kilikofukuliwa vibao vya maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Ukishaipata nambari, ingia katika hifadhidata iitwayo CDLI, ambayo ina kumbukumbu zaidi ya 300,000 za maandishi ya kikabari, yaani mwandiko wa alama za umbo la kabari zilizogandamizwa kwenye udongo, na hufunguliwa bila malipo. Kwa vitu vingi utaonyeshwa picha, kipindi kinachokadiriwa, mahali kilipopatikana kama panajulikana, na mara nyingine tafsiri. Picha isiyo na nambari si lazima iwe ya uongo, ila mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa aliyeileta.

Hatua ya pili ni kusoma kilichoandikwa juu ya kitu, jambo ambalo wasambazaji wa madai hulikwepa mara nyingi kuliko jingine lolote. Muhuri VA 243 ni mfano mzuri. Ni muhuri wa mviringo, wa aina iliyobingirishwa juu ya udongo mbichi ili uache alama ya mwenyewe, na ndio unaotajwa tangu miaka ya 1970 kuwa ramani ya jua na sayari zake, ikiwemo moja isiyojulikana iitwayo Nibiru. Maandishi yake, hata hivyo, yana majina ya watu tu, la mkubwa na la mtumishi wake, kama ilivyo katika mihuri mingi ya maofisa, wala hayataji nyota wala sayari. Kile kinachoitwa jua ni nyota yenye ncha sita, ilhali wachongaji wa Mesopotamia walikuwa na alama yao ya jua inayofahamika vizuri, yaani duara lenye ncha nne na miali inayopindapinda katikati yake. Isitoshe, wanajimu wa Babeli, ambao waliacha kumbukumbu za mbingu za karne nyingi, walitaja sayari tano zinazoonekana kwa macho, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Nibiru nalo ni neno halisi katika maandishi yao, lakini ni jina la nyota ya mungu Marduk, na mara nyingi nyota hiyo ni Mshtarii. Waanunnaki, ambao ndio hudaiwa kuwa viumbe walioshuka kutoka angani, pia wamo, wakiwa kundi la miungu wanaohusishwa na Anu, mungu wa mbingu, na katika maandishi kadhaa wao ndio mahakimu wa kuzimu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini aziamini tafsiri za wataalamu kuliko za mtu mwingine, na swali hilo ni la haki. Liliulizwa pia katika karne ya 19, wakati watu wengi walidhani kwamba wasomaji wa mwandiko wa kikabari walikuwa wakibahatisha. Mwaka 1857 jumuiya ya wanazuoni ya Royal Asiatic Society ya London iliwapa wataalamu wanne, Henry Rawlinson, Edward Hincks, Jules Oppert na William Henry Fox Talbot, maandishi mapya ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza, kila mmoja akaandika tafsiri yake peke yake na kuiwasilisha ikiwa imefungwa katika bahasha. Bahasha zilipofunguliwa, tafsiri zililingana katika mambo makuu. Nawe fanya vivyo hivyo kwa kiasi chako: tafuta tafsiri mbili zilizofanywa na watu mbalimbali, uzilinganishe. Tafsiri ambayo imetolewa na mtu mmoja tu, na ambayo hakuna mwingine anayesoma maneno hayo kwa namna yake, iweke kando.

Hatua ya tatu ni kuuliza maandishi hayo ni ya aina gani, kwa sababu risiti ya shayiri, utenzi wa miungu na orodha ya wafalme havisomwi kwa jicho moja. Orodha ya Wafalme wa Sumeri, ambayo nakala yake maarufu imeandikwa kwenye mche wa udongo, yaani kinguzo chenye pande nne, ulioko Ashmolean Museum mjini Oxford, inasema kwamba kabla ya gharika wafalme wanane walitawala katika miji mitano kwa miaka 241,200, na kwamba wa kwanza wao, Alulim wa Eridu, alitawala miaka 28,800. Wapo wanaodai kwamba hiyo ni miaka halisi ya viumbe wasio wa dunia hii. Chukua kalamu ugawanye. Wasumeri walihesabu kwa misingi ya 60, na 60 mara 60 ni 3,600, kiasi walichokiita sar. Utaona kwamba 28,800 ni sar 8 kamili, na 241,200 ni sar 67 kamili. Hesabu zinazotoka bila baki kiasi hicho ni kazi ya mwandishi aliyeketi na kupanga, wala si kumbukumbu za mwaka hadi mwaka. Hata hivyo usiitupe orodha yote kwa sababu hiyo. Mfalme Enmebaragesi wa Kishi amepewa humo miaka 900, na bado jina lake limekutwa kwenye vipande vya chombo cha mawe cha zama zake, kwa hiyo mtu huyo alikuwepo, ingawa miaka yake haiaminiki.

Pale dai linapohusu kifaa kisicho na maandishi, kazi huwa ngumu zaidi, na hapo ndipo mazingira ya kupatikana kwake yanapochukua nafasi ya maneno. Ule mtungi unaoitwa betri ya Baghdad ulitoka Khujut Rabu, karibu na mji huo, mwaka 1936, na aliyeutangaza kuwa chombo cha umeme ni Wilhelm König, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la huko. Ni mtungi wa udongo wa kimo cha sentimita 14 hivi, wenye bomba la shaba ndani yake, ufito wa chuma katikati ya bomba, na lami ya kuziba. Ni kweli kwamba nakala ya mtungi huo ikijazwa siki au maji ya zabibu hutoa umeme kidogo, usiozidi volti moja, na majaribio hayo yamerudiwa mara nyingi, hata madarasani. Lakini jaribio linaonyesha kile kinachowezekana, na swali letu ni kile kilichofanyika.

Jiulize, basi, kilipatikana pamoja na nini. Hakuna waya uliopatikana, wala kifaa chochote cha kutumia umeme huo. Vito na vyombo vilivyodhaniwa kupakwa dhahabu kwa umeme vilipakwa kwa njia ya zebaki na moto, ambayo inafahamika. Jiulize pia kama kuna vinavyofanana nacho. Vipo: mitungi ya aina hiyo ilifukuliwa Seleucia na Ctesiphon, miji ya jirani, na katika baadhi ya mabomba yake yalibaki masalia ya mafunjo yaliyooza, jambo linaloelekeza kwenye hifadhi ya hati au maandishi ya dua. Lami nayo ilifunika bomba lote kwa juu, ambapo fundi wa umeme angetaka shaba iwe wazi ili apate mahali pa kuungia. Mwisho, angalia umri. Mtungi huo ni wa enzi za Waparthi au Wasasani, watawala wa Kiajemi wa baadaye sana, kwa hiyo hata kama ungekuwa betri usingekuwa wa Wasumeri, ambao ufalme wao wa mwisho mjini Ur ulianguka takribani miaka 2,000 kabla.

Suala la gharika linahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwani msomaji wetu wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, amekua na kisa cha Nuhu. Mwaka 1872 George Smith, aliyekuwa akifanya kazi British Museum, alisoma hadharani kibao kutoka Ninawi, nambari K 3375, ambamo mzee Utnapishtim anamsimulia Gilgamesh, shujaa wa utenzi wa kale wa Mesopotamia, jinsi alivyojenga chombo na kuokoka katika gharika. Njia nzuri ya kulinganisha ni kuandika safu: katika utenzi wa Gilgamesh tufani inadumu siku sita na usiku saba, chombo kinatua juu ya mlima Nimush, na ndege wanaotumwa ni njiwa, mbayuwayu na kunguru, katika Mwanzo mvua ni ya siku arobaini, mahali ni milima ya Ararati, na anatangulia kunguru kisha njiwa, katika Kurani chombo kinatua Judi. Tenganisha umri wa kibao na umri wa kisa. Nakala ya Ninawi ni ya karne ya 7 KK, lakini kisa hicho kimo pia katika utenzi wa Atrahasis, ambao nakala zake zimefika hadi karne ya 17 KK. Kibao kingine, kilichochapishwa mwaka 2014, kinaeleza safina ya duara iliyosokotwa kwa kamba na kupakwa lami. Mtu wa pwani anayekumbuka mtepe, ulioshonwa kwa kamba bila misumari, hataona ajabu kubwa. Nani alichukua kutoka kwa nani ni swali ambalo ulinganifu pekee haulimalizi.

Majina ya vitu yachukuliwe pia kwa tahadhari. Ile inayoitwa Bendera ya Ur, ambayo ni kisanduku cha mbao kilichopambwa kwa picha, ilipewa jina hilo na Leonard Woolley, aliyechimba huko kati ya 1922 na 1934, kwa kudhani kwamba ilibebwa juu ya mti. Matumizi yake halisi hayajathibitishwa.

Ukishazoea hatua hizi, utayafikia mafumbo ya kweli, nayo ni ya kuvutia zaidi. Mji wa Akadi, makao ya mfalme Sargon, haujapatikana hadi leo. Bustani zinazoning'inia za Babeli zimesifiwa na Wagiriki, lakini katika maandishi mengi ya mfalme wake Nebukadneza yanayojisifu kwa ujenzi wake hazimo. Kisumeri chenyewe hakina undugu uliothibitishwa na lugha yoyote.

Limebaki jambo moja kwa wenye kutamani kumiliki kibao, hasa ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya ambako vitu hivi huuzwa. Aprili 2003 jumba la Baghdad liliporwa vitu wapatao 15,000, na sehemu za uchimbaji ziliporwa zaidi. Azimio 1483 la Baraza la Usalama, la Mei 2003, linazuia biashara ya mali za kale za Iraq zilizotolewa kinyume cha sheria tangu Agosti 1990. Kibao kimoja cha Gilgamesh kilichonunuliwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 1.6 kilitaifishwa Marekani na kurudishwa Iraq mwaka 2021, kwa kuwa karatasi za asili yake zilikuwa za kughushi. Muuzaji akikuonyesha kibao, mwombe hati zinazoonyesha kilikuwa wapi kabla ya 1990, na akikosa kuzitoa, usinunue.